Msimu Nyota Nyekundu Ilipofifia

Arobaini ya Bi Mwanahawa ilisomwa Bigwa, kwenye uwanja ule ule nilioanikia nguo zangu mwaka mzima, nami nilifika nimechelewa kwa sababu basi la kutoka Dodoma liliharibikia njiani. Nilipita nyuma ya turubai, nikapata nafasi kwenye mkeka wa wanawake karibu na jiko, moshi ukanikaba nikakohoa. Upande wa pili wa kanga iliyotundikwa kutenga wanaume na wanawake, sauti ikauliza taratibu, "Huyo aliyekohoa si mwalimu Salome?" Nilimjua kabla sijainuka. Kanuti alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti kubwa kuliko mabega yake, sahani ya pilau magotini, na mkewe Felista alikuwa anamwekea kijiko mkononi. Macho yake yalikuwa mazima, meusi, safi; mgeni angeapa kwamba ananitazama. "Shikamoo, kaka," nikasema. "Marahaba, mwalimu. Umenenepa, eeh?" "Umejuaje?" "Sauti imenenepa." Tukacheka. Kati yetu alikuwa amekosekana yule aliyekuwa akituchokoza tuseme, na yeye ndiye tuliyekuja kumsomea.

Nilizaliwa wapi na nani alinilea, hayo nayaacha. Mwaka ninaotaka kuusimulia ulianzia kwenye mlango wa chumba. Kilikuwa chumba cha uani kwa Bi Mwanahawa, kina dirisha moja linalotazama mlima, na ukutani mpangaji aliyenitangulia alikuwa amebandika karatasi za kalenda zenye picha za maua ya nchi za baridi. Nilikuwa nimemaliza chuo, nina cheti cha kufundisha fizikia, na nilikuwa najitolea katika sekondari moja huku nikisubiri ajira. Majina yalikuwa yakitoka, nayasoma kwenye simu kutoka juu mpaka chini, silioni langu, nalala. Asubuhi naamka nafundisha. Sikuwa na huzuni kubwa. Nilikuwa na kitu kibaya zaidi, kile cha mtu aliyezoea kutotarajiwa popote. Sasa nikiwatazama vijana wanaokuja kuuliza kazi ofisini kwetu, namtambua yule mwenye hali hiyo kwa jinsi anavyokaa: anakalia nusu ya kiti.

Bi Mwanahawa alikuwa mkunga mstaafu, mjane, mtu wa kuswali kwa wakati na kusema kwa sauti. Nyumba yake ilikuwa na ghorofa ambalo marehemu mumewe hakulimaliza: zege limemwagwa, nondo zimesimama wima pembeni, na ngazi ya mbao imeegemezwa ukutani. Huko juu ndiko nilikoanza kuwapandisha wanafunzi wangu wa klabu ya anga, jioni, baada ya kuomba ruhusa. Tulijiita Watazamaji wa Anga Bigwa. Hatukuwa na darubini. Tulikuwa na ramani ya nyota niliyoichapisha chuoni, na kazi moja ambayo mtu yeyote mwenye macho anaweza kuifanya: kulinganisha mwanga wa nyota moja na jirani zake, kukadiria, na kutuma makadirio kwa simu kwa chama cha nchi ya mbali kinachoyakusanya kutoka kwa watu wa kawaida duniani kote. Wanafunzi walipofanya mtihani wao na kuondoka, nilibaki peke yangu juu ya zege. Bi Mwanahawa akapanda, ameshika kiti cha kukunja, akasema hawezi kuacha binti wa watu akae juu ya paa lake kama kunguru. Hivyo tukawa wawili.

Wa tatu alikuwa Kanuti. Alikuwa dereva wa lori la mboga, mtu wa Mgeta, na Bi Mwanahawa ndiye aliyemzalisha Felista mtoto wao wa kwanza, kwa hiyo kila aliposhuka na mzigo wa Dar hakupita Bigwa bila kumletea chochote: njegere, karoti zenye udongo bado, kabichi lililopasuka lisilofaa sokoni. Siku moja alitukuta tumeinua shingo. "Mnatafuta nini huko?" Nilimwelekeza. Akapanda, akatazama, na tangu hapo akawa wetu. Alikuwa na macho makali kuliko yangu, wakati ule. Alikuwa na swali kwa kila kitu, na jina la ile nyota nyekundu kubwa ya begani mwa kundi la Mwindaji lilimfurahisha sana. "Betelijuzi," alikuwa akilitamka. "Kwa nini juzi? Kwa nini si jana?" Bi Mwanahawa, aliyesoma madrasa vizuri, alimwambia ni Kiarabu kilichoharibiwa njiani na Wazungu, maana yake ni mkono wa Jauza, yaani huyo huyo Mwindaji. "Basi mkono huu unaumwa," Kanuti akasema. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka, nyota ile inachomoza jioni upande wa mashariki, na yeye ndiye aliyesema kwanza. Mimi nilidhani ni ukungu. Siku chache baadaye habari zikaanza kufika kwenye simu: nyota inafifia, kote duniani watu wanaiona inafifia, na hakuna anayejua kwa nini.

Ningependa kueleza furaha ya wiki zile bila kuitia chumvi, maana ndiyo pekee niliyoipata mwaka ule. Wataalamu walikuwa wanabishana. Wengine walisema huenda nyota imezeeka na inakaribia kulipuka, na ikilipuka itawaka mpaka mchana, itatoa kivuli usiku kama mwezi. Wengine walisema si leo wala kesho. Makadirio yetu yalipokelewa, na mara moja mtu mmoja wa huko akajibu kutushukuru, akisema watazamaji wa upande wetu wa dunia ni wachache. Nilimsomea Bi Mwanahawa ujumbe huo jikoni, yeye anakoroga kisamvu, akaniambia nirudie. Kulikuwa na mtu mahali fulani anayesubiri kujua nilichokiona. Jioni tulikula pamoja sebuleni, kwenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, viazi vya Mgeta vilivyopikwa na njegere na nazi, na Kanuti akipanga mipango mdomo umejaa. Ikilipuka, alisema, atasimamisha lori pale kwenye kona ya juu, awashushe wakulima wote na abiria wote, awaambie: mnaiona ile? Mimi niliiona tangu inaumwa. "Sijawahi kuwa wa kwanza katika jambo lolote," alisema. Kutoka ukuta wa jirani tulimsikia mama mmoja akimweleza mwenzake kwamba wale wa pale juu wanapima madini kwa kutumia nyota, na yule dereva ndiye anayeyasafirisha ndani ya makabichi. Kanuti alicheka mpaka akapaliwa.

Kuelekea mwezi wa pili nyota ilikuwa imeshuka kabisa. Ilikuwa sawa na ile nyingine ya bega la pili la Mwindaji, ambayo siku zote ilikuwa mdogo wake. Jioni ile tulisimama watatu, anga limeoshwa na mvua, na nikasema, "Zimelingana." Bi Mwanahawa akakubali. Nikamuuliza Kanuti anaonaje. "Mimi siwezi kuzilinganisha," akasema. "Nikiitazama hii nyekundu, ile nyingine haipo. Nikiitafuta ile, hii imeondoka." Nikamwambia labda amechoka kwa safari. "Labda," akasema. Bi Mwanahawa aliinua uso akamtazama machoni. Leo nikilikumbuka jibu la Kanuti najua alikuwa ametuambia kila kitu, kwa maneno yaliyonyooka kabisa, na mimi mwenye cheti nilisikia uchovu.

Jumamosi iliyofuata nilipanda naye lori kwenda Nyandira, huko kwao Mgeta, maana nilitaka kuiona nyota kutoka kule juu ambako hakuna taa. Hatukuiona, wingu lilikaa juu ya milima kutwa nzima. Tulipakia kabichi na karoti, tukaanza kuteremka jua linazama. Utingo wake aliitwa Chogo, mtu mzima kuliko Kanuti, mwenye kofia ya sufu ambayo sikuwahi kumwona akiivua. Alikaa juu ya mzigo, na njia nzima alikuwa akigonga paa la kichwa cha lori. Pigo moja, kimya, mapigo mawili, kimya. Nilidhani ni mchezo, au anaimba. Barabara ya kule inajulikana: upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande mwingine hakuna kitu, na chini kabisa mashamba ya ngazi yanaonekana kama mikunjo ya shuka. Kwenye kona moja nilimwona mwanamke upande wangu, amebeba tenga la plamu kichwani, amejibana pembeni akisubiri tupite. Lori liliendelea kumfuata. Halikuyumba, lilimfuata tu, polepole, kama vile pale aliposimama pana barabara. Juu Chogo aligonga. Mimi nikapiga kelele, nikaushika usukani.

Mwanamke aliangukia mtaroni na tenga lake, akainuka mzima, akatutukana kwa Kiluguru na kwa Kiswahili. Plamu zilitapakaa barabara nzima. Kanuti alishuka, akapiga magoti kuziokota, akiomba radhi kila anapovuta pumzi, na nilisimama nikimtazama anavyookota. Aliziokota zile zilizokuwa mbele ya uso wake. Zilizokuwa kando ya goti lake hakuzigusa. Moja aliikanyaga alipoinuka. Chogo aliteremka kutoka juu, akamsogelea, na ingawa alinong'ona nilimsikia. "Nilikugongea, Kanu. Nilikugongea mapema." Kanuti akajibu, "Nilisikia. Nilidhani umesema kulia." Hapo ndipo nilipoyaelewa yale mapigo. Sijui walikuwa wameteremka hivyo kwa muda gani, mmoja akiwa macho ya mwenzake, na mzigo wote wa kabichi katikati yao. Tulifika chini giza limeshaingia.

Nilimweleza Bi Mwanahawa kesho yake. Hakushangaa. Kanuti alipokuja na mboga zake alimkalisha kwenye kochi, akaketi mbele yake magoti yakigusana, akamwambia afunike jicho moja na kumtazama yeye puani. "Usihamishe jicho. Nitazame hapa." Akaunyoosha mkono wake pembeni, mbali, akachezesha vidole, akawa anausogeza ndani taratibu. "Ukiviona vidole useme." Kanuti alitazama pua. Mkono ukaja, ukapita bega, ukapita sikio, na vidole vinacheza, na bangili zake zinagongana, nami nilikuwa namwomba Mungu aseme. Mkono ulikuwa umekaribia kabisa kuligusa shavu la Bi Mwanahawa mwenyewe ndipo Kanuti akasema, "Hivyo hapo." Jicho la pili likawa hivyo hivyo. Bi Mwanahawa aliishusha mikono yake mapajani. Halafu akaniambia, "Salome, mwanangu, katupikie chai."

Hospitali walimpima, wakasema ni presha ya macho, ya siku nyingi. Daktari alikuwa kijana mpole, akamchorea kwenye karatasi mshipa unaotoka jichoni kwenda kwenye ubongo, akaeleza kwamba umekufa sehemu kubwa, na kwamba huu haufufuki, si kwa dawa, si kwa upasuaji, si kwa miwani. Matone aliyompa yalikuwa ya kukilinda kile kidogo kilichobaki. "Kwa muda gani?" Kanuti akauliza. Daktari akasema inategemea. Tulitoka nje, tukasimama kwenye kivuli cha jengo, na Bi Mwanahawa akamwambia asipande lori tena. Kanuti hakubishana kwa hasira. Aliuliza tu, kama anayetaka kujua kweli, "Mama, nikishuka kwenye lori, nitapanda nini?" "Utaendesha mpaka umuue nani?" "Naijua njia." "Njia haibadiliki, baba. Watu ndio wanaobadilika mahali." Alikwenda zake na kichupa chake cha matone mfukoni, na wiki hiyo hiyo akapeleka mzigo Dar.

Aliyemsimamisha ni Chogo. Asubuhi moja sokoni Nyandira alikataa kupanda juu ya mzigo. Alikaa chini pembeni ya tairi, akasema hatapanda tena, wala leo wala siku nyingine, na alipoulizwa na mwenye lori kuna nini, akanyamaza, na Kanuti naye akanyamaza, na mwenye lori akawatazama hawa watu wawili waliofanya kazi pamoja miaka yote ile wakishindwa kutazamana, akaelewa mwenyewe. Felista ndiye aliyenisimulia. Alisema Kanuti aliurudisha ufunguo kwa kuunyoosha mbele yake hewani, na mwenye lori alikuwa amesimama kando. Chogo naye hakuchukuliwa na dereva mpya. Nilisikia alikwenda kulima vitunguu upande wa Kilosa, na baada ya hapo sikumsikia tena.

Kisha masika yakaja, na wingu likashuka kwenye Uluguru likakaa. Shule zilifungwa kwa ajili ya ule ugonjwa wa dunia nzima, nikabaki chumbani na maua yangu ya kalenda, nasikiliza maji yakimwagika kutoka kwenye zege. Hatukuiona nyota hata mara moja. Kwenye simu nilisoma kwamba imeanza kurudi. Baadaye wataalamu wakaeleza kwamba haikuwa inakufa, ilitoa vumbi, vumbi likapita mbele yake, vumbi likatawanyika. Nilipomweleza Bi Mwanahawa alisema, "Alhamdulillahi," kwa namna ya mtu aliyeambiwa jirani amepona mafua. Mimi nilikasirika. Sikumwambia mtu, lakini nilikuwa nimeitaka ilipuke. Nilikuwa nimeiwekea matumaini ambayo mtu mwenye akili hayaweki kwenye nyota: kwamba kitu kimoja kitatokea, kikubwa, mbele ya macho yetu, na sisi watatu tutakuwa tulikuwapo.

Yaliyofuata nayasema kwa kifupi. Ajira yangu haikutoka mwaka ule wala uliofuata. Niliondoka Bigwa, nikapata kazi ya ofisini Dodoma isiyohusiana na fizikia, na huko anga lina vumbi na taa. Nimetazama juu mara chache. Bi Mwanahawa aliendelea kunipigia simu sikukuu zote, zake na zangu, mpaka moyo wake ulipochoka. Kanuti alitia matone mpaka yalipokosekana, kisha yakapatikana, kisha yakakosekana, na kile kidogo kilichobaki kikaisha bila yeye kujua ni siku gani hasa. Kule kwenye arobaini alinieleza kwamba alikuwa akidhani bado anaona mwanga wa mlango, mpaka mtoto alipomwambia, baba, mlango umefungwa. Anapalilia karoti kwa vidole. Anasema si mbaya. Felista alikuwa anakusanya sahani.

Lakini jioni ninayoirudia ni ile ya mwezi wa tano, mvua zilipokatika. Kanuti na Felista walikuwa wameshuka mjini kufuata dawa, wakalala kwa Bi Mwanahawa. Mchana Kanuti bado alikuwa akiona kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Jua likizama hakuona kitu. Baada ya magharibi akasema anataka kupanda juu. Hatukumkataza. Felista alitangulia, Kanuti akafuata, mimi nyuma yake nikimwekea miguu kwenye vipandio, na Bi Mwanahawa akawa anatuelekeza kutoka chini kwa sauti ya chumba cha kuzalishia, mpaka naye akapanda. Anga lilikuwa wazi. Mwindaji alikuwa ameshalala magharibi, anakaribia vilima vya Mindu, na begani mwake ile nyota ilikuwa imerudi, nyekundu, kubwa, imempita mdogo wake mbali, kama vile hakuna kilichotokea. Mimi na Bi Mwanahawa tuliiona pamoja. Tukanyamaza, na ukimya wetu ukawa mrefu mno.

"Imerudi?" Kanuti akauliza.

Bi Mwanahawa alikuwa mtu asiyeweza kudanganya hata mgonjwa. "Imerudi, baba," akasema. "Kama mwanzo."

Kanuti akatikisa kichwa. Alikuwa ameinua uso, lakini alielekea mashariki, upande wa barabara ya Dar, ambako nyota yetu haikuwapo. Hakuna aliyemgeuza. Nilitaka kumgeuza nikaona haya, na nadhani Bi Mwanahawa naye aliona haya. Felista ndiye aliyesogea kwangu. Miezi yote ile alikuwa akisikia habari za nyota hii kutoka kwa mume anayerudi nyumbani usiku na kuzungumza mezani mpaka chakula kinapoa, na hakuwahi hata siku moja kupanda kuitazama. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Ni ipi?" Nikamwonyesha kwa kidole, nikamshika kidevu nikamwelekeza, mpaka akasema ameipata. Aliitazama muda mrefu, mikono kifuani juu ya kanga.

"Ndiyo hiyo tu?" akasema.

Kanuti alimsikia. "Ndiyo hiyo," akajibu, akautafuta mkono wa mkewe hewani, naye akampa, tukaanza kufikiria jinsi ya kumshusha.